Mteja Anaamini Nani? Teknolojia, Mazingira na Ile Mishale ya Watafiti

Mtoto wa dadangu anasoma masta ya biashara hapa Nairobi, na juzi alinitumia picha kwa WhatsApp, mchoro wa masanduku matatu yenye mishale, moja imeandikwa teknolojia, ingine uendelevu, ya tatu imani ya mteja. Chini ameandika: "Anti, hii ndio proposo yangu, supavaiza amesema iko sawa lakini nikiulizwa hii mishale inamaanisha nini sijui nitaanzia wapi." Nilimjibu usiku huo huo kwa sauti ya dakika kumi na moja, halafu kesho yake nikaona wacha niandike tu, juu hii mada iko kila mahali saa hii. Fungua tafiti za usimamizi wa biashara za miaka ya karibuni, utapata hayo maneno matatu yamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na watu wengi wanaozisoma, wanafunzi, wenye biashara, hata mameneja, wanatoka hapo na kitu kimoja tu, kwamba "kuna uhusiano chanya." Uhusiano gani sasa, na unatoka wapi unaenda wapi?

Nimefanya kazi ya kukusanya data miaka tisa, kwanza na fomu za karatasi baadaye na tableti, Kayole, Kangemi, Westlands, Industrial Area, kwa hivyo nitaongea kutoka upande ule ambapo hizo namba zinatoka, kwa mlango wa mtu na kwa stage ya matatu.

Tuanze na teknolojia. Mwaka wa 1989 jamaa anaitwa Fred Davis alichapisha karatasi kuhusu swali lililokuwa linasumbua kampuni nyingi wakati huo, mbona tunanunua kompyuta na programu za bei halafu wafanyakazi hawazitumii? Akasema kuna vitu viwili vya kuangalia, mtu anaona hii kitu itamsaidia kazi yake ama haitamsaidia, na anaona ni rahisi kuitumia ama itamtesa. Kaa na hilo neno "anaona" kidogo. Davis hakupima kama programu yenyewe ni nzuri, alipima vile mtu anaiona kichwani mwake, na hapo ndio nguvu ya hio modeli iko juu kitu kinaweza kuwa kizuri kabisa na watu wakikatae. Watafiti wanaiita TAM, yaani Technology Acceptance Model, modeli ya watu kukubali teknolojia, na mpaka leo ukichukua utafiti wa apu ya benki ama wa kuuza mboga mtandaoni, uwezekano mkubwa utaikuta pale ndani imekaa.

Kabla yake, 1962, Everett Rogers alikuwa ameshaeleza vile mambo mapya yanaenea, akijenga juu ya tafiti kama ile ya 1943 ya wakulima wa Iowa, Marekani, na mbegu chotara za mahindi. Rogers aligawanya watu kwa mafungu, asilimia 2.5 ndio wa kwanza kabisa kuruka, 13.5 wanafuata mapema, halafu 34, halafu 34 ingine wanaokuja wakiwa wamechelewa, na 16 wa mwisho. Wanafunzi wanapenda hizo asilimia juu zinakaa vizuri kwa mchoro. Mimi naona cha maana zaidi kwake ni kwamba mtu anataka kujaribu kidogo bila kupoteza kikubwa, na anataka kuona kwa macho yake jirani ametumia na hajaumia. Mtu wa ploti anaelewa hio bila kufundishwa, ukinunua jiko jipya kwenye korido ya vyumba kumi na mbili, watu tisa watapita kuuliza linakula ngapi kwa wiki kabla mmoja anunue.

Halafu 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, wakachukua modeli nane zilizokuwa zinashindana wakaziunganisha, wakaongeza watu wako wa karibu wanasema nini na je mambo ya chini yapo, stima, netiweki, mtu wa kuuliza ukikwama. Walisema modeli yao ilieleza karibu asilimia 70 ya tofauti za nia ya watu kutumia teknolojia. Hilo neno nia tutalirudia, usilisahau.

Sasa lete hizi nadharia nyumbani. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini kabla ya hapo kulikuwa na majaribio ya 2005 yaliyosaidiwa na pesa za serikali ya Uingereza, na lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo midogo kwa simu. Watu waliopewa wajaribu wakaanza kuitumia kwa mambo yao, wanatumiana pesa, na waliobuni wakawa na busara ya kufuata watu, wakaacha ile stori ya mikopo wakaja na ujumbe mmoja mfupi wa kutuma pesa nyumbani. Kama ulikuwa mtu mzima wakati huo unakumbuka ilivyokuwa, unaweka pesa kwa bahasha, unampa dereva wa basi la kwenda ushago, halafu unakaa roho mkononi mpaka mtu apige simu aseme imefika. Faida ilikuwa kubwa hivi kwamba urahisi ulikuja nyuma. Mamangu zile menyu hakuwa anazisoma vizuri, alikuwa anampa mtoto wa jirani simu amtafutie mahali pa kubonyeza, lakini ikifika kwa pini anaichukua, anageukia ukuta, anabonyeza mwenyewe polepole.

Hapo Davis anapita vizuri sana. Mahali anakwama ni kwa matatu, na hii ndio mfano nampa kila mwanafunzi anayekuja kwangu.

Aprili 2013 Google na Equity walileta kadi ya nauli inaitwa BebaPay, na kadi zingine zikafuata, halafu serikali ikasema kuanzia Julai 1, 2014 nauli zote zilipwe bila keshi. Kwa karatasi hii kitu ingeshinda bila shida. Faida iko, mwenye gari atajua gari imeingiza ngapi, serikali itaona ushuru wake, abiria hatasumbuana na chenji. Urahisi uko, unagusa kadi kwa mashine basi. Machi 2015 BebaPay ikafungwa na sisi wote bado tulikuwa tunapeana noti kutoka kiti cha nyuma mpaka mbele kama kawaida.

Kilichotokea ni hivi. Konda anaishi na pesa ya mkononi, asubuhi anaingiza, anaweka mafuta, analipa watu wa stage, anakula, kuna ile pesa ya barabarani inayotoka bila risiti na kila mtu anajua inaenda wapi, jioni anapeleka hesabu ya mwenye gari na kinachobaki anagawana na dereva. Kadi inachukua pesa yote hio inaipeleka moja kwa moja kwa akaunti ya mwenye gari, sasa konda atalipa mafuta na nini? Kwake yeye faida ilikuwa ya mtu mwingine na hasara ilikuwa yake. Abiria naye akawa na kadi ya kampuni moja, anapanda gari ya sacco ingine, mashine ya huku haijui kadi ya huko. Na konda akisema mashine imekufa, utafanya nini, utashuka?

Watafiti wanapoandika "mtumiaji" wanaandika kama ni mtu mmoja. Kwa matatu watumiaji ni watano ama sita, na kila mmoja ana hesabu yake, na yule aliyeshika mlango ndiye anaamua teknolojia inaingia ama inabaki kwa stage. Halafu angalia kilichofanyika baadaye. Machi 2020 korona imeingia, ada ya kutuma pesa kwa simu ikaondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, watu wakaanza kulipa nauli kwa simu, na siku hizi gari nyingi za mtaani hata konda mwenyewe anakutajia namba kabla hujaulizwa. Kuacha keshi ni kule kule kulikotakiwa 2014. Lakini safari hii pesa inaangukia kwa simu ama kwa till ambayo konda anaifikia, abiria anatumia kitu ambacho tayari amekitumia miaka kumi na zaidi, na meseji yenye jina inaingia hapo hapo kabla ya kushuka. Hakuna aliyeombwa aamini kitu kipya.

Na hapo ndio tunafika kwa imani, sanduku ambalo kwa mchoro wa mtoto wetu limewekwa mwisho kabisa kule kulia, kama matokeo.

Karatasi ambayo karibu kila mtu anaitaja ni ya 1995, ya Mayer, Davis na Schoorman (huyu ni Davis mwingine, James, usiwachanganye kama nilivyoona kwa tisisi moja). Wanasema kumwamini mtu ni kukubali kukaa mahali anaweza kukuumiza, bila kumchunga, ukitarajia kwamba atafanya kile unachojali. Na wanasema unapoamua, unaangalia mambo matatu, uwezo wake, nia njema yake kwako, na uadilifu wake.

Peleka simu kwa fundi Luthuli Avenue utaelewa yote kwa dakika tano. Uwezo ni kama anajua kuifungua na kuirudisha bila kubakisha skrubu. Nia njema ni kama hatatoa kioo chako orijino aweke kingine wakati umeenda kununua soda. Uadilifu ni kama amesema 1,500 asubuhi na saa kumi bado ni 1,500. Kuna mafundi wana mikono ya dhahabu na huwezi kuwaachia simu hata robo saa, na kuna wale waungwana kabisa, hawawezi kukuibia hata kifuniko, lakini simu itarudi imekufa. Hivyo vitu vitatu vinatembea kila kimoja njia yake, na utafiti unaouliza tu "je, unaiamini kampuni hii, ndio ama hapana" umevichanganya vyote kwa sufuria moja.

Angalia mikopo ya simu. Uwezo walikuwa nao, pesa inaingia dakika mbili bila kupanga foleni benki, bila mdhamini. Kwa sanduku la teknolojia hio ni ushindi. Halafu mtu akichelewa siku nne, jirani yangu mmoja alichelewa siku nne, bosi wake, mchungaji wake na shemeji yake wakapata meseji siku moja kwamba huyu mtu ni mdeni. Apu ilikuwa imechukua namba zote kwa simu yake siku ile alibonyeza kukubali. Yule mama hakurudi kanisani miezi miwili. Ndio maana sheria ya kulinda data ya 2019 na kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali hazikuwa mambo ya makaratasi kwa watu kama yeye. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitangaza faini tatu kwa mpigo, shilingi 2,975,000 kwa mkopeshaji mmoja kwa sababu ya namba za watu na meseji za vitisho, 1,850,000 kwa klabu iliyoweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa, na 4,550,000 kwa shule iliyoweka picha za watoto bila wazazi kukubali. Ukiuliza nini kinajenga imani ya mteja, hizo faini ni sehemu ya jibu, juu zinamwambia mtu kuna mahali pa kwenda.

2003 tena, Gefen, Karahanna na Straub waliingiza imani ndani ya modeli ya Davis kwa watu wanaonunua vitu mtandaoni, na walichopata ni kitu kizuri sana, imani inabadilisha hata vile mtu anaona faida. Inaingia akilini ukifikiria. Duka la mtandaoni ambalo huamini litaleta mzigo lina faida gani kwako, hata kama apu yake ni laini kama siagi? Kwa hivyo imani haikukaa mwisho wa mshale kama zawadi ya teknolojia nzuri, ilikuwa imetangulia.

Hata M-Pesa yenyewe ilisimama kwa imani ya kuazima. Nyuma ya pazia pesa za wateja zinakaa kwa akaunti za dhamana benki, mbali na pesa za kampuni, na hio ndio kinga ya kweli, lakini nimehoji mamia ya watu na wanaoijua hio ni wa kuhesabu kwa vidole. Wengi walichoamini ni yule ejenti, ambaye walikuwa wananunua kwake mkate na mafuta ya taa kabla hajapaka duka kijani, pamoja na kile kitabu cha kusaini na ile meseji. Mtu aliamini duka, duka likaamini kampuni, na ikitokea shida ulikuwa na mlango wa kubisha.

Nataka niseme kitu kuhusu lugha hapa juu imeharibu data nyingi na hakuna anayeiandika. Fomu nyingi zinaandikwa Kiingereza halafu mtu anatafsiri haraka usiku. Imani na uaminifu kwa Kiswahili haviendi njia moja. Imani ni ile ninayokuwa nayo juu yako. Uaminifu ni tabia ya mtu asiyeiba wala kudanganya, na kwa biashara tena tunaitumia kwa mteja ambaye haendi kwingine. Nimewahi kupewa fomu inauliza "una uaminifu kwa kampuni hii?" na mzee mmoja Kayole akanikazia macho, akaniuliza, "Madam, kwani nani amesema nimewaibia?" Nikamweleza, akacheka, akaweka alama nne kati ya tano. Hio nne ilipima nini? Ilienda ofisini ikaingia kwa jedwali kama zile zingine zote.

Na kuna mfano unaonikalia moyoni mpaka leo. Mwishoni mwa Julai 2023 watu walijaa KICC, ule ukumbi wa mikutano wa katikati ya Nairobi, foleni imezunguka, wanapigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin wapate sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti 2 serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za watu zifutwe. Kama ungepima kupokelewa kwa teknolojia wiki ile ungesema Nairobi imevunja rekodi. Vijana niliowauliza pale nje hawakuniambia wanaiamini, mmoja aliniambia ni rent, mwingine akaniambia fee ya mdogo wake. Mtu anaweza kutumia kitu ambacho hakiamini hata kidogo akiwa na shida ya kutosha, na ile mishale yote haina sanduku la shida. Nilimwambia huyu mtoto, utafiti wako ukifanyika mwezi wa kwanza wakati wa fee na ukifanyika mwezi wa nane, utapata watu wawili tofauti ndani ya mtu mmoja.

Uendelevu sasa. Hili neno lenyewe ni gumu, na kwa tafiti za biashara linabeba mizigo miwili bila kusema. Mara ni mazingira, kutumia vitu leo bila kuwanyima watakaokuja, maana iliyotoka kwa ripoti ya tume ya Gro Harlem Brundtland ya 1987. Mara ni biashara yenyewe kudumu, yaani miaka kumi ijayo duka bado limefunguliwa. Mwaka wa 1994 John Elkington alijaribu kuvifunga pamoja, akasema kampuni ihesabu watu, dunia na faida kwa mpigo, na 2018 yeye mwenyewe akatoka akaandika kwamba anairudisha hio fikra kiwandani kama gari lenye kasoro, juu kampuni zilikuwa zimeigeuza kuwa hesabu ya kujipamba. Namheshimu kwa hilo. Ukisoma karatasi inasema "teknolojia inaongeza uendelevu", angalia kwa maswali yenyewe wanaongea mzigo upi kati ya hiyo miwili.

Lakini kwa nini uendelevu unaungwa na imani? Hapa kuna wazo la 1973 la Darby na Karni, wakiendeleza kazi ya Phillip Nelson ya 1970, na mimi naona ndio ufunguo wa mada nzima. Nenda Marikiti ununue embe. Kuna mambo utayajua kabla ya kulipa, rangi, ukubwa, harufu. Kuna mambo utayajua ukishafika nyumbani ukalikata, kama ni tamu ama ni nyuzi tupu. Na kuna jambo ambalo hutalijua kamwe hata ukilimaliza lote, lilipuliziwa dawa gani na siku ngapi kabla ya kuvunwa. Hilo la tatu huna njia ila kumwamini mtu.

Karibu kila kitu kampuni inakuambia kuhusu mazingira kiko kwa hilo fungu la tatu. Mfuko umetengenezwa na plastiki iliyorudishwa, kahawa imelimwa bila kukata msitu, kampuni imepanda miti Mau. Utaonja wapi? Teknolojia ya simu unaijaribu na shilingi 50, ikipotea umejifunza. Dai la mazingira huwezi kulijaribu na shilingi 50. Ndio maana uongo unapata nafasi huko, na tayari 1986 Jay Westerveld alikuwa ameandika kuhusu hoteli zinazoomba wageni watumie taulo tena kwa ajili ya mazingira wakati zinachookoa ni gharama ya kufua. Tunaita kupaka rangi ya kijani. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017, ile ya faini ya mpaka shilingi milioni 4 ama jela mpaka miaka minne, hapa Nairobi nimeona mifuko ya kila aina imeandikwa inajali mazingira, na mama wa duka hana namna ya kujua ipi inasema kweli, ananunua ile haitashikwa.

Kuna mahali hata hivyo mambo matatu yanakutana vizuri, nayo ni magari ya stima. Machi 2022 BasiGo walianza majaribio ya mabasi ya umeme hapa mjini, na kuna kampuni za pikipiki za umeme ambazo mtu wa boda anabadilisha betri iliyoisha na iliyojaa anaendelea na kazi. Kilichonivutia sio betri, ni mkataba. Mwenye matatu anaogopa nini? Anaogopa kununua gari ya mamilioni halafu betri ife mwaka wa tatu. Kwa hivyo ikatengenezwa njia ya kulipa kwa kilomita, betri na kuchaji vinabaki mzigo wa kampuni. Yaani kampuni inasema ikiharibika nitaumia mimi. Hio ni lugha ya imani ambayo mtu wa matatu anaielewa haraka kuliko kipeperushi chochote cha hewa safi. Na dai la mazingira lenyewe hapa lina msingi unaoangalika, juu umeme wa Kenya sehemu kubwa inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Ziwa Turkana. Abiria anaona hakuna moshi na hakuna kelele, angalau sehemu ya dai imetoka fungu la tatu ikaja fungu la kwanza.

Kampuni kubwa zilizo kwa soko la hisa la Nairobi, NSE, nazo zilipewa mwongozo na soko lenyewe mwishoni mwa 2021 wa vile wataripoti mambo ya mazingira, jamii na utawala. Ni hatua, ila ripoti ya kurasa mia mbili haimfikii mteja wa Githurai, inamfikia mwekezaji.

Sasa mishale. Kwa hizi tafiti mishale ni ya aina mbili hasa ambazo watu wanachanganya. Kuna ile ya kupitia kati. Unamtumia mama pesa, inapita kwa ejenti ndio ifike mkononi mwake, toa ejenti, pesa inabaki kwa simu. Mtafiti akisema imani iko kati ya teknolojia na mauzo, anasema teknolojia haiuzi yenyewe, inajenga imani, na imani ndio inauza. Kuna ile ya kubadilisha kasi. Gari inakutoa Kitengela mpaka tao, mvua ikinyesha bado gari ndio imekubeba, mvua haijakubeba, lakini mvua imeamua utafika saa mbili ama saa nne. Mtafiti akisema imani inafanya kazi hivi, anasema teknolojia inauza, ila kwa mwenye imani inauza haraka na kwa asiye nayo inauza kidogo. Haya ni madai mawili tofauti kabisa kuhusu dunia, na meneja anayesikiliza moja akifikiri ni lingine atatumia pesa yake mahali si pake.

Na yote haya yanapimwa vipi? Mara nyingi kwa kipimo cha Rensis Likert cha 1932, nakataa kabisa mpaka nakubali kabisa, moja mpaka tano. Nimesimama kwa stage na hizo fomu, mtu ana haraka, gari inajaa, anaweka nne nne nne kutoka juu mpaka chini juu anataka kunisaidia na pia anataka kuondoka. Mtu mmoja, dakika sita, anajibu kuhusu teknolojia, imani na mazingira kwa moyo ule ule wa siku hio. Akiwa amefurahi kila kitu kiko juu, akiwa ameudhika kila kitu kiko chini, halafu kompyuta inaona vitu vitatu vinapanda na kushuka pamoja na inachora mshale mnene. Sehemu ya huo mshale ni mchana mzuri wa mtu. Na kumbuka lile neno nia, fomu inauliza "je, unakusudia kununua bidhaa inayojali mazingira?" Mtu anasema ndio kwa moyo mweupe kabisa, halafu mwisho wa mwezi anasimama mbele ya rafu anaangalia bei.

Linganisha na walivyofanya wachumi Tavneet Suri na William Jack. Hawakuuliza watu kama wanaipenda M-Pesa. Walifuatilia familia kwa miaka, wakaangalia wale ambao maejenti waliongezeka karibu nao na wale ambao hawakuongezeka, wakalinganisha maisha yao yalivyoenda. Karatasi yao ya 2016 ilikadiria kaya 194,000 zilitoka kwa umaskini, na wanawake 185,000 waliingia kwa biashara kama kazi yao kuu. Hio ni kazi ya miaka, sio ya wiki moja ya tableti, na sisemi kila mwanafunzi wa masta anaweza. Nasema tu ujue unaposoma, hizi namba mbili hazina uzito sawa hata kama zote zina nyota tatu pembeni, ile alama ya watafiti ya kusema matokeo si ya bahati tu.

Basi tulikaa na huyu mtoto Jumapili, chai imepoa, tukarudia mchoro wake. Imani tuliitoa kule mwisho tukaileta mbele, tukaigawanya vipande vitatu. Uendelevu akachagua mazingira peke yake. Swali la uaminifu likafutwa, tukaandika "ukiacha pesa yako kwao usiku kucha, unalala?" Halafu akaniuliza, "Anti, na hili la shida tuliweke wapi?" Hatukupata sanduku, tukaongeza swali moja la wazi mwisho wa fomu, "Mara ya mwisho huduma hii ilipokusumbua, ulimwendea nani na alikufanyia nini?"

Jumanne alienda Kangemi kuijaribu kwa watu kumi. Jioni akanitumia picha ya fomu ya mama mmoja anayeuza mboga karibu na stage. Maswali yote ya moja mpaka tano ameweka nne. Kwa lile la mwisho amejaza mistari yote, akageuza karatasi, akaendelea nyuma.